Nilimwambia Mama Mkwe Nimetajwa Hewani, na Sikutajwa

Mpendwa mshauri,

Nishike mkono kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo, kwa sababu siku hiyo klabu yetu inakata keki na keki yenyewe imeagizwa kwa uongo wangu, na tangu Alhamisi iliyopita nikimwona mama mkwe anaingia sebuleni natafuta kazi ya kufanya jikoni, akija jikoni nakumbuka nguo za kuanua.

Nianze mwanzo ili unielewe. Mimi ni mke wa mtu na mama wa watoto wawili, nasaga lenzi kwenye duka la miwani, na kwa miaka sita sasa ni mwanachama wa klabu ya redio ya ridhaa ya mji wetu, na usidhani ni redio ya kupiga muziki na kutuma salamu, hii ni ya watu wenye leseni wanaozungumza wao kwa wao kwa mitambo yao wenyewe, mji kwa mji na nchi kwa nchi, bila simu wala intaneti, kila mmoja na jina lake la hewani la herufi na tarakimu. Tuko kumi na tisa. Tuna chumba kimoja juu ya ghala la rangi, unapanda kwa ngazi ya chuma ya nje, ndani kuna meza ndefu yenye mtambo, ramani ya dunia ukutani iliyojaa pini, betri mbili za gari chini ya meza za kutuokoa umeme ukikatika, na juu ya paa kuna antena ambayo upepo mkubwa ukipita lazima mtu apande kuifunga upya. Kila Jumapili saa tatu asubuhi tunakutana hewani, kila mtu akiwa kwake, majina yanaitwa moja moja na kila mmoja anaitika na kutoa habari zake. Mimi ndiye katibu, naandika daftari la mawasiliano, nafungua barua za posta, na kila mwisho wa mwezi natoa ukurasa wa Habari za Klabu unaobandikwa mlangoni, nani amefaulu mtihani wa leseni, nani amelehemu waya akaunguza kitambaa cha meza, darasa la wapya linaanza lini, mambo kama hayo.

Mwanzilishi wa klabu ni mama mkwe wangu. Watu humwita Mama Swichi kwa sababu alifanya kazi miaka ishirini na minane kwenye kituo cha simu cha zamani, enzi zile za kuunganisha watu kwa kuchomeka waya ubaoni, na alipostaafu akasema yeye amestaafu lakini masikio yake bado, akaanzisha klabu na watu watatu. Ni mwanamke wa kunyoosha mambo. Nilipoolewa, mwaka mzima aliniita "mwenzetu", na wewe mshauri unajua mama mkwe akikuita "mwenzetu" maana yake nini. Mpaka siku moja nilimpelekea mtandio wake klabuni, akanivalisha hedifoni akaniuliza nasikia nini, nikamwambia, "Mama, nasikia kelele, na ndani ya kelele kuna mtu anahesabu, yuko mbali sana." Akacheka kwa sauti, mbele yangu hakuwahi kucheka, na tangu siku ile ananiita mwanangu.

Sasa miaka mitatu hii masikio yake yanaondoka. Mtu aliye mbele yake anamwelewa kwa kutazama midomo, na kifaa cha sikioni kinamsaidia kidogo mezani, lakini ile sauti nyembamba inayotoka mbali, inayopita chini ya kelele, hiyo haipati tena. Siku alipokubali, aliwaita wanachama wote, akanisimamisha karibu na mtambo akasema, "Kuanzia leo huyu ndiye masikio yangu. Akisema amesikia, nimesikia." Mshauri, nililia siku ile. Mama yangu mzazi alishafariki, na hakuna aliyewahi kunikabidhi kitu kikubwa namna ile.

Kuna cheti ambacho chama kimoja cha nje hukipa klabu iliyozungumza na nchi mia moja. Mama mkwe alikuwa amefikisha tisini na tisa, na hapo kwenye tisini na tisa tukakaa miaka minne. Ya mia alishaichagua, kisiwa kidogo kinachohesabiwa peke yake kama nchi, hakikaliwi na mtu, ila mara chache wageni wenye redio huenda huko siku kumi na mtambo wao ili watu wa dunia nzima wapate kuzungumza nacho. Pini yake alishainunua, nyekundu, akawa anatembea nayo ndani ya kipochi.

Wageni hao walikwenda miezi mitatu iliyopita. Jumamosi saa kumi na moja jioni tuliwasikia, na chumba kilikuwa na watu kumi na mmoja wamesimama nyuma yangu. Kanuni yetu ni moja na mama mkwe huwatajia wapya kila mwaka: mazungumzo hayajawa mazungumzo mpaka yule wa mbali alitamke jina lako lote na wewe umsikie akilitamka, nusu haiandikwi. Basi yule bwana wa kisiwani akaita, na mamia ya watu wakamwitikia kwa pamoja kutoka kila pembe, na mimi nikataja jina letu mara tatu, nikasubiri, nikasikia anamjibu mtu, nikasikia "tano tisa", maana yake nakusikia vizuri, na papo hapo mchomeleaji wa mageti anayefanya kazi chini yetu, kando ya ghala, akagusisha fimbo yake ya kuchomelea kwenye chuma, hewa yote ikajaa mkwaruzo, na ulipokwisha yule bwana alikuwa anashukuru na kuita wengine. Jina sikulisikia. Mama mkwe alikuwa ameweka kiganja mezani kando ya changu, ananitazama mdomoni, akaniuliza, "Amekutaja?"

Nilitaka kusema sijui. Nakuapia neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Nikasema, "Amenitaja, mama."

Akainuka, akafungua kipochi, akaichomeka pini yake kwenye ramani, na machozi yakamtoka, mwanamke yule ambaye kwenye mazishi ya mumewe hakulia, aligawa majukumu. Watu wakapiga kelele hadi wa ghalani wakapanda ngazi kuuliza kuna nini. Ni mmoja tu hakupiga kelele, Fundi Saa. Huyu anatengeneza saa kwenye kibanda chake karibu na soko, ndiye aliyekuwa katibu kabla yangu, na nilipogombea alisema mbele ya watu kwamba daftari la klabu si la kuandikia mapishi, nikamshinda kwa kura kumi dhidi ya tisa na hajasahau. Alisogea akaniuliza, "Saa ngapi kamili, katibu?" Nikamtajia saa na dakika, nikaandika, nikatia sahihi.

Mwisho wa mwezi nikaibandika mlangoni kwa herufi kubwa, KLABU YAFIKISHA NCHI YA MIA. Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri tu, tulipata wanafunzi wapya watano, antena tukaiinua mita mbili, tukafanya zoezi la dharura la kila mwaka na hospitali ambapo simu huzimwa makusudi na ujumbe wao wote hupitia kwetu, na huko pia nilisifiwa, idadi ya mitungi ya oksijeni waliyohitaji ilimezwa na kelele lakini niliandika sita kwa kuwa mwaka jana ilikuwa sita na kweli ikawa sita, tukamaliza dakika nne mapema na muuguzi mkuu akanipa mkono wa hongera, na wanachama wakaanza kusema kumbe tulichelewa sana kupata katibu wa namna hii.

Alhamisi iliyopita nikafungua sanduku la posta nikakuta kadi kutoka kwa wale wa kisiwani. Tuliwaandikia ili watuthibitishie, maana cheti hakitolewi bila uthibitisho. Wameandika kwa upole kabisa kwamba wamepekua daftari lao la siku ile na siku zote kumi, jina la klabu yetu halimo, wanasikitika, mwezi wa kumi watarudi kisiwani na tukiwasikia tuwaite.

Kadi nimeificha dukani, ndani ya boksi la miwani ya watoto. Mama mkwe kila siku ananiuliza kama nimepita posta. Ameshapiga pasi gauni la sherehe, ameshamwalika mkuu wa hospitali, na fomu ya cheti inangoja sahihi mbili, yake na yangu.

Nimemweleza mume wangu peke yake. Yeye ni fundi wa majokofu na mambo yote huyaona kwa friji. Akaniambia, "Sikiliza, friji likiwa linagandisha vizuri hulifungui kila saa kuchungulia. Mama ana furaha, mwache na furaha yake. Kadi hupotea posta kila siku." Nikamwambia wakiulizwa tena watajibu vilevile. Akasema, "Basi mwezi wa kumi si wanarudi? Wapate kweli, ubadilishe tarehe, nani atajua? Ukimwambia sasa presha itampanda, na ikimpanda utasemaje?"

Mshauri, nimepania kuwapata mwezi wa kumi, hata ikibidi nikae kwenye kile kiti siku zote kumi na kula hapohapo. Hilo halina mjadala. Ninachouliza ni hiki, nisubiri mpaka hapo nikiwa nimenyamaza kama anavyosema mume wangu, au niseme sasa na kuivunja sherehe ya mama wa miaka sabini na tisa, na kumpa Fundi Saa kicheko alichokingoja? Sipendi uongo, nimelelewa vizuri. Lakini kila nikifungua mdomo naiona ile pini.

Ni mimi,
Katibu

MSHAURI ANAJIBU

Katibu wa watu, pole. Barua yako nimeitoa kwenye foleni kwa sababu keki haingoji. Nimeisoma mara mbili, ya pili na kalamu mkononi. Mambo ya mitambo usinitegemee, redio yangu mimi iko juu ya kabati la vyombo na kazi yake ni taarifa ya habari. Uongo, lakini, tunajuana nao miaka kumi na saba kwenye ukurasa huu, na hauna leseni.

Nikupe kwanza haki yako. Jumamosi ile hukupanga kitu. Mama anakutazama mdomoni, watu kumi na mmoja wako nyuma ya shingo yako, kiganja chake kiko karibu na chako, neno likakuponyoka. Ningekalia kile kiti mimi huenda lingeniponyoka vilevile. Ungeniandikia kesho yake ningekujibu kwa mistari mitatu na kukutakia Jumapili njema. Wewe ukaliandika daftarini, ukalitia sahihi, ukalibandika mlangoni kwa herufi kubwa, ukakaa nalo miezi mitatu, na leo unaniuliza kama ulibadilishie tarehe. Neno lililoponyoka haliendi safari ndefu hivyo bila mtu wa kulishika mkono. Mtu huyo ni wewe.

Mumeo mpe salamu zangu. Friji langu likikataa kugandisha nitamtafuta, na nitamsikiliza kwa makini. Kwenye hili ametafuta amani ya nyumbani ya wiki moja. Watu wa kisiwani wana daftari lao, na Fundi Saa anajua kununua stempu kama mtu mwingine yeyote. Alikuuliza saa na dakika, na mtu wa saa haulizi hivyo kwa kupoteza muda. Siku yoyote atawaandikia mwenyewe. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na ya kwako ina posta katikati.

Halafu unaniambia unamwonea huruma mama. Unamwonea, sikatai. Ila nimehesabu barua yako: kila ulipofika mahali pa kusema kweli, Fundi Saa alikuwa amesimama pale. Unaogopa kicheko chake. Unaogopa zile kura tisa. Ni hofu ya kibinadamu na haina aibu, lakini iite kwa jina lake na umwache mama mkwe nje ya pazia hilo. Presha yake nayo isiwe kisingizio. Mwanamke aliyemzika mume huku akigawa majukumu anaweza kuvumilia habari ya pini.

Sasa nije kwenye kilichoninyima raha. Si kadi. Ni mitungi.

Umeipitisha katikati ya antena na wanafunzi wapya kama mtu anayetaja kwamba njiani alinunua chumvi. Hospitali inakutumia idadi ya mitungi ya oksijeni, kelele inaimeza, na wewe unaandika sita kwa sababu mwaka jana ilikuwa sita. Bahati ikawa sita. Ukapewa mkono. Na hata leo, unapoungama mbele yangu, hujui kwamba hilo nalo lilikuwa la kuungama! Niliposoma mstari ule niliweka miwani mezani nikatembea kidogo.

Hebu tazama ulivyofika hapo. Kisiwani ulijaza mwenyewe ile nusu usiyoisikia, ukapigiwa makofi. Hospitalini mkono ukajaza tena, safari hii hata haukukuomba ruhusa. Na mkisifiwa mara mbili kwa nusu, ya tatu mtaiona ndiyo ujuzi. Si unaniambia wanachama wanasema walichelewa kupata katibu wa namna hii? Siku ya dharura ya kweli haitakuwa na mwaka jana wa kunakili. Simu zimekufa, barabara imefungwa, wodini kuna wagonjwa kumi na mmoja wanaohitaji hewa, na katibu wa klabu anaandika sita. Wale watano waliokosa mtungi watakwenda kumlalamikia nani? Mchomeleaji?

Ulihitaji neno moja tu siku ya zoezi, "Rudia." Dakika nne mlizookoa mlizikata kwenye neno hilo. Cheti mkikikosa mtaishi. Klabu ambayo hospitali haiwezi kuamini tarakimu zake, hiyo haina kazi, hata ikiwa na nchi mia tatu ukutani.

Na moja zaidi, kisha nakuacha upumue. Umemdanganya mtu asiyesikia juu ya kilichosikika. Alisimama mbele ya watu akasema ukisema umesikia, amesikia. Kwa hiyo miezi mitatu hii anatembea na sauti kichwani ambayo haikutoka kokote. Hilo ndilo linalonisukuma kukuambia usisubiri mwezi wa kumi, wala Jumamosi, wala kesho.

Basi piga moyo konde, tufanye kazi. Leo hii, ukitoka dukani, itoe kadi kwenye boksi la miwani ya watoto na uende nayo nyumbani mkononi, si ndani ya mkoba. Mumeo mwambie awapeleke watoto kutembea. Muulize mama kama amemeza dawa zake za presha, na kama hajameza mpe maji ameze. Kaeni karibu na dirisha, mwanga ukupige usoni, auone mdomo wako vizuri. Mpe kadi kwanza aisome mwenyewe. Usilie kabla hujamaliza kusema, maana ukilia atakubembeleza, na ukibembelezwa utaona umeshasamehewa bila kuulizwa chochote. Akikasirika, mwache akasirike. Akikurudisha kwenye "mwenzetu", itika. Na usithubutu kumwomba iwe siri yenu wawili, usimfanye mama wa watu mshirika wako.

Mitungi nayo mwambie papo hapo. Najua ungeiacha.

Kisha daftari. Usichane, usifute, usipake rangi nyeupe. Piga mstari mmoja ulionyooka juu ya maandishi yale ili yasomeke chini yake, andika pembeni kwamba jina halikusikika, weka tarehe ya leo na sahihi yako. Jumapili saa tatu asubuhi, mkikutana hewani, jina lako likiitwa, toa habari yako kama wengine wanavyotoa zao. Sentensi tatu zinatosha. Usimtaje mchomeleaji wala kelele zake. Watu watakaa kimya, na hewani kimya kinasikika kirefu, kivumilie. Fundi Saa akicheka, acheke. Anastahili kidogo: yeye aliuliza swali la kweli ukamjibu kwa dakika za uongo. Ukatibu uweke mezani siku hiyohiyo, wakikuachia shukuru, wakimpa yeye, mkabidhi daftari kwa mikono miwili. Ukurasa wa mlangoni uandike upya kwa herufi kubwa zilezile. Nakuonya, nimeona magazeti yakikosea kwa herufi kama nyumba na kuomba radhi kwa herufi kama chawa.

Jumatatu nenda kwa muuguzi mkuu. Mwambie ile sita uliikisia, na umwombe zoezi lirudiwe bila mtu yeyote kushika saa. Atakuona wa ajabu. Baadaye, siku akiwa na ujumbe wa kweli, atakutafuta wewe.

Sherehe msiivunje, na keki msiirudishe. Nchi tisini na tisa kutoka chumba kimoja juu ya ghala la rangi zinatosha kabisa kukatiwa keki, na huyo mkuu wa hospitali aje ale, atasikia jambo la maana kuliko hotuba alizozoea. Fomu ya cheti irudi kwenye droo ikiwa haina sahihi. Pini usiiguse wewe. Aliyeichomeka ataamua kama itoke au ikae.

Kuhusu mwezi wa kumi, nimependa ulivyopania na nakuombea uwapate. Lakini kelele zote umemtwika mchomeleaji wa mageti na sijaona mahali ulipompigia hodi. Shuka ile ngazi. Msalimie, mweleze kazi yenu ni nini, mwombe akupumzishie fimbo yake saa kumi na moja jioni kwa zile siku kumi. Mwalike kwenye keki. Huenda miaka yote hii hajui kama kuna watu juu yake wanaotega masikio.

Kama mama atakurudishia kile kiti ni shauri lake, na sitakudanganya kwamba lazima akurudishie. Utakuwa umemaliza la kwako utakapokuwa umekaa naye pale dirishani. Atakuuliza swali moja tu, nalijua kama ninavyojua jina langu: siku ile ulisikia nini hasa? Mwambie, "Mama, nilisikia tano tisa, kisha kelele." Halafu nyamaza. Usimwongezee hata neno moja.